Funza Waliotoroka Beseni

Kila asubuhi kabla ya shule, Maswali alipita kwa muuza mboga wa mtaani kuchukua ndoo ya maganda na majani yaliyooza. Jina hilo la utani alipewa na shangazi yake, kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kuacha kuuliza.

Shangazi alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Badala ya kuwanunulia dagaa, aliwafugia funza wa nzi weusi. Funza walikula taka kwenye mabeseni, kuku wakala funza.

"Kwani hawanuki?" Maswali aliuliza siku ya kwanza.

"Wakilishwa vizuri, anayenuka ni wewe ukitoka kucheza," shangazi alimjibu akicheka.

Kazi ya Maswali ilikuwa kumwaga maji yaliyojikusanya ndooni, kisha kuchanganya maganda na pumba. Jumanne moja alitaka kuwahi kuruka kamba na wenzake kabla kengele haijalia. Akamimina vyote, maji kwa maganda, kwenye beseni kubwa, akatimua mbio.

Aliporudi mchana alikuta ukuta wa banda umejaa funza wakipanda juu. Beseni kubwa lilikuwa karibu tupu. Jirani alikuwa amesimama juu ya kiti uani kwake, ufagio mkononi, akipiga kelele kwamba amevamiwa.

Shangazi alishika kiuno. "Muuza mboga amepulizia taka zake dawa! Kesho namwendea, na mtaa mzima utasikia."

Maswali alishuku ni maji aliyomimina, lakini hakuwa na hakika. Funza hukimbia maji kweli? Mbona siku moja manyunyu yalipowaangukia hawakutoka?

Akatafuta makopo matatu. Katika kila kopo alitia maganda yaleyale ya beseni, aliyoyakamua maji, na funza ishirini. La kwanza aliongeza maji, la pili pumba, na ya la tatu aliyaanika kwanza kwenye bati la moto hadi yakakauka. Kisha akachuchumaa kutazama, hata chai akasahau.

Kufikia jioni, funza wa kopo la maji walikuwa ukingoni, wakitafuta njia. Wa maganda makavu walijilaza tu. Wa pumba walikuwa wamejichimbia ndani wakila bila kuinua kichwa.

Sasa alijua. Alimwita shangazi na kumwonyesha makopo.

"Maganda yote ni ya muuza mboga, na hawa wa pumba ni wazima, kwa hiyo hayana dawa," alisema. "Ni mimi, shangazi. Sikumwaga maji. Nilikuwa na haraka ya kucheza."

Shangazi aliyatazama makopo moja baada ya jingine. Halafu akaketi chini kando yake.

"Na mimi nilishapanga kumvunjia mwenzangu heshima mbele za watu!"

Walichota maji yaliyotuama kwenye beseni, wakaongeza pumba, wakawarudisha funza waliowakusanya ukutani. Jirani naye alileta wake kwenye kikopo, akiwa amegeuza uso pembeni. Wiki iliyofuata funza walinenepa, na kuku wakawagombania.

"Haraka yako ilitupotezea funza, na hao tumewapata tena," shangazi alimwambia wakiokota mayai. "Ungenyamaza, tungempoteza mtu mwema. Ukikosea, sema mapema. Na mimi nimejifunza kuchunguza kabla ya kulaumu."