Mpelelezi Aliyenyamaza

Kisu kilipita kwenye mkono wa Tabia saa saba mchana, mbele ya kituo cha treni cha Park Station, watu wamejaa na hakuna aliyegeuza shingo ila Ignace, Mkongo mlinzi wa duka la viatu. Alirusha rungu, likampata mwizi mgongoni, lakini simu ikaenda naye. Dera la njano la Tabia lililowa damu hadi magotini.

"Pole, mama," alisema Ignace, akimfunga jeraha kwa tai yake ya kazini.

"Mama gani? Nina miaka ishirini na sita. Naitwa Tabia, na tai yako inanuka jasho."

"Jasho ya kukimbiza mwizi yako, chérie."

Tabia akacheka huku analia. Ndivyo yalivyoanza.

Kila Jumamosi mchana Ignace alikuwa mtafsiri kwenye ukumbi wa video mtaani Joubert Park, chini ya ghorofa aliyokaa Tabia. Alipenda filamu za zamani za wapelelezi weusi wenye vichekesho. Wao wakipiga watu kwa Kiingereza, yeye anawasemea kwa Kiswahili kwenye maiki.

"Zilitoka ndani ya vitabu vya jinai," alimweleza Tabia. "Mbele ya hizi, mweusi kwa filamu alikuwa wa kubeba mizigo ao kufa mapema. Hawa banapiga, banachekesha, na mwisho bako wazima."

"Na wewe utafika mwisho?"

"Kama unaniangalia."

Mwezi wa tatu wa penzi lao Tabia alimwona yule mwizi akinunua sigara kwenye spaza, kiduka cha jirani. Muuzaji alimwita Pitchou. Tabia alimwambia Ignace peke yake, kwa kunong'ona.

Sasa, watafsiri wana desturi ya kumpa jambazi wa filamu jina la mtu wa mtaani, watu wacheke. Na mwanaume akipenda hujiona mjanja. Jumamosi ile mpelelezi alipomkaba jambazi, Ignace akanguruma: "Pitchou! Weye njo ulikata mwanamke mkono sababu ya simu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Tabia akatoka, kisha akampigia Ignace simu.

"Damu yangu umeifanya komedi?"

"Tabia, nilitaka bamucheke..."

"Usinipigie tena. Kwangu umekufa."

Siku mbili baadaye, kichekesho kile kikiwa kimemfikia Pitchou, simu ya Tabia ikalia. Ni Mamie, msusi wa mlangoni kwao.

"Shuka, Tabia! Pitchou amevunja Ignace taya na chuma! Alikuwa anamuuliza yule mwanamke anaishi wapi. Kila akinyamaza, anamupiga tena. Na weye uko hapo juu!"

Alishuka peku. Watu walikuwa wamemponda Pitchou hadi polisi wakamtoa mikononi mwao, damu ikimchuruzika masikioni. Ignace alikuwa chini, mdomo umejaa damu, macho yakimtafuta Tabia.

"Mjinga wewe, ungemwambia tu!" Tabia alilia, akimkumbatia. Alimpenda mno, na hasira yote ikamwisha palepale.

Ukumbi, uliofungwa kwa vurugu ile, ulipofunguliwa tena, taya la Ignace lilikuwa limefungwa kwa waya. Yeye akaandika tafsiri kwenye karatasi, Tabia akaisoma kwenye maiki. Wapelelezi walipoanza kufyatua risasi, Ignace akampa karatasi nyingine. Tabia akaiangalia, akashusha maiki.

"Tafsiri, dada!" watu wakapiga kelele. "Tafsiri!"

"Anauliza kama nitaolewa naye."

Ukumbi mzima ukamgeukia Ignace, risasi za filamu zikaendelea kulia peke yake.

"Namjibu hivi: taya lipone kwanza. Mjomba wangu wa Mayfair hapokei posa ya karatasi, na ana maswali mengi."