Bomba la Kusemea

Kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea, kama kinavyobonyea kiti ambacho mtu ameinuka punde. Luella Brandt alikigusa kwa kiganja, nacho kikajaa tena taratibu. Hakuna aliyekuwa amekikalia. Gereji ilikuwa imefungwa tangu jana, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kando ya msalaba.

Lilikuwa gari aina ya Packard la mwaka 1937, jeusi, refu, lenye kioo cha kumtenga dereva na tajiri wake. Virgil, mumewe, alilikuta limekuwa tundu la kuku, akalifufua skrubu kwa skrubu. Mungu akamwita kabla hajalipeleka kwenye mashindano ya magari ya kale. Luella alikuwa ameapa mbele ya jeneza kwamba atalipeleka yeye.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja: bomba la kusemea, mpira uliovishwa kitambaa, ambao aliyekaa nyuma aliutumia kumwagiza dereva bila kufungua kioo. Dwight, rafiki wa marehemu, ndiye aliyelipata, na jana yake tu ndipo alipolifunga.

"Shemeji, weka kahawa!" alikuwa ameingia akipiga kelele. "Nimelipata lenyewe hasa! Lilikuwa chini ya sakafu ya nyumba ya wenye gari wa kwanza, ndani ya kopo lililochomelewa kila upande. Watu wa zamani walijua kutunza vitu."

"Mpira tu, wakauchomelea hivyo?"

"Panya, shemeji. Au ulitaka nikuletee la dukani? Wale waamuzi wananusa mpira mpya kama mbwa. Tungenyimwa alama mchana kweupe."

"Virgil angekucheka. Mzee mzima unakumbatia bomba."

"Virgil angelia wivu!"

Sasa Luella alikaa nyuma ya usukani, mahali pa Virgil, apate kusali zaburi yake ya mchana. Alisikia harufu. Haikuwa harufu ya mafuta wala ya ngozi. Ilikuwa ya sufu iliyolowa, na maji yaliyokaa muda mrefu gizani. Kisha, kwenye tundu la bomba lililo karibu na sikio lake, mtu akavuta pumzi.

"Lu."

Duniani alikuwako mtu mmoja tu aliyemwita hivyo.

Hakumwambia yeyote. Kila baada ya chakula cha mchana alijifungia gerejini, akazungumza na mumewe. Sauti ilikuwa na kikohozi chake, na ule utani wake kuhusu viazi ambavyo Luella aliviunguza. Luella aliacha kula vizuri. Aliacha kusali pia, maana aliona ameshajibiwa.

Siku moja ya Februari sauti ikasema, "Nitoe humu, Lu. Twende matembezi kidogo."

Alifungua mlango wa gereji, akawasha injini, akaingia barabarani katikati ya kuta za theluji, akifuata maneno ya kushoto na kulia yaliyomjia sikioni kwa upole, na kila alipotazama kwenye kioo kidogo cha juu aliona kile kiti cha nyuma kikizama zaidi, kama anayekikalia anazidi kuwa mzito, huku harufu ya maji ikimjaa kifuani na vidole vyake vikifa ganzi, mpaka miti ikaisha na mbele yake ukawa mteremko wa kushushia mashua, na chini ya mteremko ziwa lenye barafu ya kijivu, ile barafu iliyokonda ambayo hata wavuvi wanaovua juu yake walikuwa wameshaikimbia.

"Shuka tu, mpenzi. Itatubeba."

Chini ya magurudumu kitu kilikwaruza. Luella akatazama. Chumvi. Barabara yote ilikuwa imemwagiwa chumvi ya kuyeyushia theluji.

Virgil aliwahi kumpeleka mpwa wake kanisani siku ya harusi kwa pikapu ya kubebea mbao, na shela lake jeupe, ili Packard lisiguse chumvi. Kila mwaka alingoja mvua za masika zioshe barabara ndipo alitoe.

"Virgil," alinong'ona, "kuna chumvi. Itakula vyuma."

"Chumvi haina neno."

Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

"Wewe si mume wangu."

Bomba likampulizia baridi shingoni, na sauti ikasema pole pole, bila hasira, "Lakini sauti ni yake. Nani mwingine atakupa?"

Alifungua mlango akaanguka thelujini, akatembea hadi nyumbani kwa Mchungaji Kessel akilia kama siku ya mazishi.

Mchungaji alirudi naye ziwani kwenye gari, pamoja na Dwight, na bisibisi. Akasoma Biblia, akaamuru pepo atoke kwa jina la Yesu. Dwight alilegeza skrubu za bomba moja moja.

"Lu," bomba likalia. "Lu, usiwaache. Naogopa."

"Usimjibu, mama," alisema Mchungaji kwa sauti ya chini. "Tazama uso wangu. Usimjibu."

Luella aliuma kitambaa chake mpaka skrubu ya mwisho ikatoka. Harufu ikaondoka. Kiti kikajaa.

"Nisamehe, shemeji," alisema Dwight. "Mimi niliona alama tu."

Bomba likarudishwa koponi, kopo likachomelewa, Mchungaji akaondoka nalo.

Theluji ilipoyeyuka, Jumapili moja baada ya ibada, Luella alibaki mlangoni mwa kanisa mpaka watu wote wakaisha.

"Mchungaji, lile kopo. Ulilipeleka wapi?"

"Nimelizika."

"Sehemu gani?"

Macho ya Mchungaji yalikimbilia makaburi ya nyuma ya kanisa, kisha yakarudi kwake. "Mama Brandt. Mumeo yuko kwa Bwana. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Nauliza tu, nisije nikapakanyaga."

"Nenda nyumbani, mama. Nenda ukapumzike."

Akamshukuru, akamshika mkono, akavuka uwanja hadi kwenye gari lake dogo. Alikaa humo bila kuwasha injini, akingoja Mchungaji afunge kanisa aende zake. Kwenye buti la gari kulikuwa na sepetu. Alikuwa ameipakia asubuhi, kabla hajavaa kofia ya kanisani.