Hodi ya Saa Tisa Alasiri

"Shikamoo, mama."

Jeptoo ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka shifti ya usiku, mguu mmoja ndani ya buti la theluji na mwingine nje, akabaki amesimama hivyo hivyo mlangoni. Sauti ilikuwa ya Fiona, binti yake wa miaka sita, na Fiona mwenyewe alikuwa mezani na bakuli lake la cornflakes kama kila asubuhi. Ila Fiona hakuwa mtu wa shikamoo. Kwanza, nyumba yenyewe haikuwa ya shikamoo. Jeptoo ni Mkalenjin wa Eldoret, mumewe Eliakim ni Mluhya wa Kakamega, na huko kwao watu huulizana habari, wakanywa chai, yakaisha. Pili, mtoto alizaliwa hapo hapo Brooklyn Park, Minnesota. Kiswahili alikielewa, na ukitaja switi alikielewa zaidi ya mwalimu, lakini kujibu alijibu kwa Kiingereza tangu siku alipojua kusema.

"Umesema nini, baby?"

"Nimekuamkia, mama. Hujaniitikia."

Jeptoo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Jamani, wazazi wa Kenya walioko Minnesota wanaujua uchungu huu: unazaa mtoto, unamlea, halafu unazungumza naye kama watu wawili walio ng'ambo mbili za mto. Na sasa wake amevuka. Alitoa simu akamwambia amsalimie Kogo, yaani nyanya yake kule Eldoret, akamrekodi akamtumia. Eliakim, aliyekuwa akitafuta funguo za gari aende kazini kwenye ghala la Shakopee, alijigamba kidogo.

"Si niliwaambia? Ile safari imemfungua ulimi."

Safari yenyewe ilikuwa ya kuchekesha watu kanisani. Mtu anaishi Minnesota, mwezi wa kwanza, theluji imefika magotini, halafu anachukua likizo ya siku nne aende Alaska kutafuta baridi zaidi. Lakini Eliakim alikuwa ameziona zile taa za kaskazini kwenye simu, zile za kijani zinazocheza angani, na alikuwa ameapa kwamba hafi kabla hajaziona kwa macho. Basi wakapanda ndege hadi Fairbanks, wakapanda gari siku nzima, wakavuka mstari wa Aktiki, wakapewa kijumba cha magogo chenye jiko la kuni. Jua huko wakati huo wa mwaka huchungulia tu saa sita mchana likarudi kulala.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, giza lilikuwa tii. Eliakim alikuwa amelala ili aweze kukesha na taa zake. Jeptoo alikuwa na jambo lake. Kogo alikuwa aje Minnesota mwezi wa sita, na yeye aliona aibu mjukuu ashindwe hata kumkaribisha nyanya yake mlangoni. Kwa hiyo akabuni mchezo. "Mimi nitatoka nje nibishe, niseme hodi. Wewe utasema karibu. Ukisema, nakupa switi."

Akatoka mara ya kwanza. "Hodi." Ndani Fiona akacheka, akajibu kwa Kiingereza aingie tu. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu pia, na kope za Jeptoo zikaanza kugandana, akaingia akakubali kushindwa, akaenda kuinama jikoni kuongeza kuni.

Hapo ndipo hodi ya nne ilipokuja, kutoka nje.

Ilikuwa sauti ya Jeptoo mwenyewe. Na Fiona, aliyekuwa amelipa jiko mgongo na kuutazama mlango, hakujua kwamba mama yake alikuwa nyuma yake. Akajibu kwa furaha, neno lake la kwanza la Kiswahili maishani: "Karibu!" Akafungua mlango, akatoka hatua moja, na sweta tu mwilini, kumtafuta mama ampe switi yake.

Nje hapakuwa na mtu. Mbingu yote ilikuwa ya kijani, inapinda na kukunjuka bila sauti. Jeptoo alikimbia akashika mkono wa mtoto pale kizingitini akamvuta ndani, akafunga mlango kwa komeo. Mkono ulikuwa baridi sana, lakini nani asingekuwa baridi huko? Akamwamsha mumewe waende kupiga picha. Switi aliisahau.

Kogo alikuwa amemfundisha tangu utotoni: usiitikie sauti inayokuita gizani, hata ikiwa ya mama yako. Jeptoo aliijua sheria hiyo kama jina lake. Lakini ile ilikuwa sheria ya usiku, na saa yake ya mkononi ilimwambia ni alasiri. Aliisadiki saa.

Siku chache baada ya kutuma ile sauti, Kogo alipiga simu. Hakusalimia.

"Jeptoo, huyo mtoto ni wa nani?"

"Ni Fiona, mama."

"Fiona huniita Kogo. Huyu ameniita kwa jina ambalo mama yangu aliniita kabla sijabatizwa. Hilo jina sijawahi kukuambia hata wewe." Kisha akauliza: "Amekuamkia?"

"Kila siku. Ananiambia shikamoo."

"Umemwitikia?"

Jeptoo alifikiri. Alikuwa akimjibu poa, akimjibu morning, akimbusu kichwani. Marahaba haikuwa kwenye ulimi wake. "Bado," alisema.

"Usimwitikie," Kogo alisema, na simu ikakatika, na ilipopigwa tena haikushikwa.

Tangu hapo furaha iliingia mchanga. Jeptoo alianza kuona. Mtoto hakula chakula cha moto. Alikisubiri kipoe, na chai aliiweka kwenye roshani mpaka iote barafu juu, ndipo akainywa. Chumba chake kilinuka kama friza iliyofunguliwa. Hita ilinguruma mchana kutwa na bado vidole vya Jeptoo vilikuwa vikifa ganzi akimsuka nywele. Na kila asubuhi, akitoka kazini, mguu mmoja ukiwa bado ndani ya buti: "Shikamoo, mama. Hujaniitikia."

Halafu kukaanza kugongwa. Walikaa ghorofa ya tatu, na mlango wa kioo wa roshani ulitazama maegesho ya magari, hakuna mti wala ngazi. Lakini kilikuja kitu kikawa kinagonga kioo kwa nje, taratibu, kama kwa kucha, kikatulia, kikagonga tena. Eliakim alitoka akaangalia mara tatu. Mara ya tatu alirudi akakaa sakafuni.

"Mama Fiona," alinong'ona, "kuna kitu kimetufuata kutoka kule."

Ndipo walipomwita Pasta Byamungu, Mkongomani, mzee wa maombi, mtu aliyewahi kuombea nyumba nyingi. Alikuja na chupa ya mafuta ya upako. Fiona alimshikia kifuniko. Akapaka mlango, madirisha, kioo cha roshani, na mtoto alifuata nyuma yake akiomba kwa Kiswahili safi kiasi kwamba pasta alitokwa na machozi. Jeptoo peke yake ndiye aliyeona kwamba kila walipofika mwisho wa maombi, mtoto alifunga mdomo, hakusema amina.

"Musiogope," pasta alisema akivaa koti. "Ile kitu iko inje, na itabaki inje. Haiwezi kuingia bila kupiga hodi, na mutu wa nyumba aseme karibu. Ikilia, muache ilie. Voilà."

"Na kama ilishakaribishwa, Pasta?" Jeptoo aliuliza kwa sauti ya chini.

Pasta alimtazama, akamtazama mtoto aliyekuwa amesimama katikati yao akitabasamu, akasema ana ibada nyingine Burnsville. Tangu siku hiyo hakushika simu yao.

Ijumaa shule zilifungwa kwa sababu ya baridi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua jeupe limewaka juu ya theluji mpaka macho yanauma, Eliakim yuko Shakopee na simu yake imefungiwa kwenye kabati la wafanyakazi kama sheria ya kazi inavyotaka. Jeptoo alikuwa amelala kwenye kochi na nguo za kazi. Aliamshwa na kugongwa kwa kioo, na safari hii palikuwa na sauti.

"Mommy."

Alikaa. Fiona alikuwa mezani, anachora, hajainua kichwa. Sauti ilikuwa nje, na ilisema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu ambaye midomo imekufa ganzi: "Mommy, nilisema karibu. Hukunipa switi yangu."

Jeptoo aliruka hadi kwenye kioo, kwa maana hakuna mtu duniani aliyeijua ile switi isipokuwa yeye na mtoto wake, na sasa aliona kwamba kioo kimeingia ukungu kwa nje, duara dogo la pumzi, kimo cha mtoto wa miaka sita, na pembeni yake alama ya kiganja, na akakumbuka ule mkono aliouvuta kizingitini na jinsi alivyofunga komeo bila kutazama ameacha nini nje, na jinsi alivyokuwa wiki mbili nzima akisikiliza kugongwa huku akiwa amejifunika blanketi, akimwomba Mungu akifukuze kitu hicho kisiingie.

Akaufungua mlango. Baridi ya digrii ishirini chini ya sifuri ilimpiga kifuani. Roshani ilikuwa tupu.

"Fiona?"

"Niko hapa. Nilifuata gari, Mommy. Nikafuata ndege. Naweza kuingia?"

"Ingia, mama. Karibu. Karibu ndani, karibu mtoto wangu." Alikuwa amepiga magoti, mikono wazi. Hakuna kilichoingia ila upepo. "Mbona huji?"

"Siwezi. Kuna kitu kinanizuia."

Hapo maneno ya pasta yalimrudia, akayashika kama mtu anayezama. "Sema hodi. Sema hodi, Fiona, kama mchezo wetu."

"Niseme nini?"

"Hodi."

Ile sauti ndogo ikaanza kulia. "Mommy, sikusikii. Ukifika hapo mdomo wako unacheza tu."

Alijaribu kwa kupiga kelele, alijaribu kwa kunong'ona, alilitamka herufi kwa herufi, akaliandika kwa kidole kwenye ukungu wa kioo, na kila alipomaliza mtoto aliuliza kwa upole na uchovu uleule, niseme nini, Mommy, niandike nini, hapo pako tupu, mpaka kutoka mezani, bila kuinua kichwa kwenye mchoro wake, yule mwingine akasema kwa Kiswahili chake laini, "Usijichoshe, mama. Hodi ilikuwa moja, na mimi nimekwisha kuibisha."

Jeptoo alipiga simu Shakopee ikaita bure. Alimpigia pasta ikaita bure. Alimrukia yule wa mezani akamshika mabega amtupe nje, na akashindwa hata kumtikisa, na uso uliomtazama ulikuwa wa binti yake, na kovu la nyusi, na pengo la jino.

"Mommy, nasikia baridi sana. Nina sweta tu." Meno yake yalisikika yakigongana.

Koti. Angalau koti. Alilikimbilia pale mlangoni, koti la pinki lenye manyoya shingoni, akalishika juu ya ukingo wa roshani, akaliachia. Lilianguka ghorofa tatu hadi kwenye theluji ya maegesho, likalala limetandaza mikono.

"Livae, mama. Livae, funga zipu." Ile zipu Fiona hakuwa ameiweza hata siku moja, kila asubuhi ilifungwa na mama yake, hadi kidevuni, na busu juu.

Hakujibiwa. Alisubiri dakika tano, kumi. Alimwita mpaka sauti ikakwaruza. Pumzi kwenye kioo ilikuwa imefutika. Akaelewa kwamba mtoto wake anakufa kwa baridi mahali ambapo yeye hapaoni na hawezi kufika, na akalia kwa sauti hapo hapo mlangoni.

Nyuma yake kiti kilisogea. Miguu mitupu ilikuja sakafuni, ikasimama karibu na sikio lake.

"Shikamoo, mama."

Hakugeuka.

"Niitikie tu," ilisema, bila ubaya wowote. "Ukiniitikia, yule hatasikia baridi tena."

"Unaapa?"

"Mimi sisemi uongo. Nilibisha hodi, nikakaribishwa."

Jeptoo alitazama ule weupe wa nje ambao haukuwa na mtu. Alimkumbuka Kogo. Lakini Kogo hakuwa amesikia ule mlio wa meno yanayogongana. "Marahaba," alisema.

Yule mtoto alimkumbatia shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu Alaska mikono yake ilikuwa na joto. Alimsaidia kufunga mlango wa roshani, kisha akasema ana njaa, akala ugali wa moto.

Eliakim alirudi jioni, theluji mabegani, na koti la pinki mkononi. Alikuwa na furaha ya kuona hita imezima na nyumba imepata joto.

"Mmeangusha koti la Fiona hapo chini," alisema. "Na nani kamfundisha kufunga zipu? Nimelikuta limefungwa mpaka hapa juu."

Yule wa mezani alilitazama. "Si langu hilo, baba."

Jeptoo alilipokea. Kwa nje kitambaa kilikuwa kimekauka kwa barafu. Akaingiza mkono ndani kupitia shingoni, taratibu, hadi kifuani, na bitana ilikuwa bado ya moto.