Alama Aliyoifuta Dina

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, wasichana wa Misigiri walikwenda kisimani na ndoo zao, na mara nyingi Dina alirudi akiwa amegombana na mtu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba kama ufito, lakini ngumi zake zilijulikana kijiji kizima. Miaka ile Mwingereza alikuwa bado anatawala Tanganyika, na kote Iramba watu walizungumzia mvua, kodi na mtama. Wiki ile, hata hivyo, kisimani palikuwa na hoja moja tu. Kati ya Isaka na Kombo, nani mkali zaidi wa tenisi kwenye kiwanja cha udongo?

Isaka alikuwa kaka yake Dina, kijana aliyefundisha madarasa ya chini katika shule ya kijiji. Alijifunza tenisi kwa raketi kuukuu alizoacha mmisionari mmoja. Kombo alikuwa mtoto wa mwenye duka mjini Singida, naye alijifunzia kwenye kiwanja cha saruji. Walikuwa wamekutana mjini, na Kombo akamshinda Isaka vibaya sana. Sasa wangekutana Misigiri, kwenye udongo, na mshindi angekwenda Dodoma kucheza mashindano ya jimbo.

"Mpira wa kaka yangu huuoni," alisema Fatu, mdogo wake Kombo, aliyekuwa akikaa na shangazi yake pale kijijini. "Akiupiga unausikia tu."

"Hiyo ni huko kwenu kwenye saruji," Dina alijibu. "Kwenye udongo mpira unachoka. Ukigusa chini unapanda taratibu, na Isaka anateleza mpaka anaufikia. Ataurudisha, ataurudisha, mpaka Kombo atoe ulimi nje!"

"Anateleza au anaanguka? Mjini tulimwona akila vumbi."

Wasichana wote wakacheka. Mkono wa Dina ulijibu wenyewe. Aliinua kata ya kuchotea maji akampiga nayo Fatu mdomoni. Mdomo ukapasuka. Fatu naye hakuwa wa kuonewa; alimkamata Dina nywele, wakaanguka pamoja kwenye matope, wakaumana na kuparurana mpaka akina mama waliokuwa njiani wakaja kuwatenganisha.

Nyumbani mama yake, Klara, hakuuliza maswali mengi. Alichukua fimbo kwanza.

"Umemtoa damu mtoto wa watu kwa ajili ya mpira?" alisema alipomaliza.

"Alimtukana Isaka, mama."

"Isaka ana mdomo wake. Wewe mikono yako itakuja kutuletea msiba hapa nyumbani."

Jioni Dina alipelekwa kwa shangazi wa Fatu kuomba radhi. Aliomba kwa mdomo, lakini moyoni alikuwa bado anapigana.

Kiwanja cha Misigiri kilitengenezwa kama wanakijiji walivyotengeneza uwanja wa kupuria mtama. Wanaume walivunja vichuguu na kuleta udongo wake mwekundu, wanawake wakaumwagia maji, wakauchanganya na samadi mbichi na kuutwanga kwa magogo mpaka ukashikamana. Juu yake wakanyunyiza vumbi laini, na mistari ikachorwa kwa chokaa. Mwalimu mkuu Simeoni alikipenda kiwanja kile kwa sababu moja zaidi.

"Saruji haina kumbukumbu," aliwaambia wanafunzi. "Udongo unayo. Mpira ukianguka unaacha alama. Tukibishana kama mpira ulikuwa ndani au nje, tutainama tutazame, basi."

Alihitaji mtu mwenye macho makali wa kusimama kwenye mstari wa nyuma. Wanafunzi wote walimtaja Dina, kwa kuwa akiwa shambani kuamia ndege, aliwaona kwelea wangali nukta angani. Lakini vijana waliotoka mjini pamoja na Kombo walikataa. Msichana aliyempasua Fatu mdomo, tena dada yake Isaka, awaamulie wao?

Isaka alisimama mbele yao. "Mnasema kweli, mdogo wangu ana mikono mibaya," alisema. "Lakini tangu azaliwe sijamsikia akisema uongo. Namdhamini."

Kombo alimtazama Isaka, kisha akamtazama Dina. "Kama Isaka anamdhamini, mimi nimekubali," alisema.

Siku ya mchezo watu walijaa pande zote za kiwanja. Watu wa mjini walikaa upande mmoja, wa kijiji upande mwingine, na wanaume wengi walikuja na fimbo zao, maana siku zile mwanamume hakutoka nyumbani bila fimbo. Kombo alianza kwa kishindo. Lakini udongo ulimeza nguvu zake, kama Dina alivyosema kisimani. Isaka aliteleza kushoto na kulia, akirudisha kila kitu. Kisha Kombo naye akajifunza. Akaacha kupiga kwa hasira, akaanza kuudondosha mpira karibu na wavu, na Isaka akawa anakimbia mbele na nyuma huku jasho likimwingia machoni.

Mwisho wake walifungana, ikabaki pointi moja ya kuamua. Wakarudishiana mpira mpaka watu wakanyamaza kabisa. Kombo akaupiga juu, ukapita kichwani kwa Isaka, ukaanguka miguuni mwa Dina.

Dina aliuona vizuri. Uligusa chokaa. Alama yake ilikuwa pale, nusu ndani ya mstari, na nyeupe ya chokaa imechafuka. Watu walikuwa wameinua macho kuufuata mpira uliokuwa unaruka kuelekea michongomani. Katika kitambo kile kifupi Dina alisogeza kisigino chake, akakiburuza juu ya alama, akapiga kelele: "Nje!"

Upande wa kijiji ulilipuka kwa vigelegele. Kombo alikuja mbio, akainama, akaona mburuzo wa kisigino.

"Ameifuta!" alisema. "Mwalimu, huyu binti ameifuta alama. Ni mwongo!"

Kabla Mwalimu Simeoni hajafika, kijana mmoja wa kijiji alimsukuma Kombo kifuani, na kijana wa mjini akamrukia yule aliyesukuma. Fimbo zikainuka pande zote. Wavu ukakatwa, nguzo yake ikang'olewa ikawa rungu. Dina aliona jino la mtu likianguka kwenye chokaa. Aliona mtu anayemfahamu, baba wa rafiki yake, akimkanyaga kichwani mtu aliyekwisha kuanguka. Watoto walilia, akina mama waliwafunika kwa kanga zao na kukimbia nao. Dina aliyependa kupigana alisimama pale pale kwenye mstari.

Isaka alijitosa katikati akipaza sauti, "Acheni! Jamani, acheni!" Rungu lililomlenga Kombo likamshukia yeye mkononi. Dina alisikia mfupa ukivunjika. Isaka akaanguka, na fimbo ya pili ingempata kichwani kama Kombo asingemlalia juu na kuipokea kwa mgongo wake.

Matarishi, askari wa mtemi, walipofika, walipiga kila waliyemkuta mpaka kiwanja kikatulia. Jumbe wa kijiji, aliyekuja nao, akaketi kwenye benchi la shule akiwa amekasirika, akataka kujua ghasia imeanzaje. Kila mtu wa kijiji alimnyooshea Kombo kidole. Ndiye aliyemwita mwamuzi mwongo.

"Bwana jumbe," alisema Isaka, mkono wake uliovunjika ukiwa umefungwa kwa kanga ya mama yake. "Kombo hakumpiga mtu. Yeye ndiye aliyeniokoa."

"Lakini alimwita dada yako mwongo mbele ya watu, na hapo ndipo damu ilipoanza kumwagika. Nakuuliza wewe uliyemdhamini. Dada yako ni mwongo?"

Isaka hakufikiri hata kidogo. "Hapana, bwana jumbe. Dada yangu si mwongo."

"Basi kijana huyu amezusha. Viboko."

Matarishi walimlaza Kombo kifudifudi juu ya benchi. Kiboko cha kwanza kililia, na Kombo akauma meno. Cha pili kikamchana shati. Dina alifumba macho, lakini masikio hayafumbwi. Mikono yake, iliyokuwa myepesi siku zote, haikuweza kumsaidia kwa lolote sasa; ulimi ndio uliotakiwa, na ulimi wake ulikuwa mwoga. Cha tatu kilipoanguka, Fatu alipiga yowe kutoka nyuma ya watu, na mdomo wake uliokuwa na kovu jipya ukachanika tena. Dina alimwona, na hapo akashindwa kuvumilia.

"Mwacheni!" alilia, akajitupa mbele ya jumbe. "Mpira ulikuwa ndani. Mimi ndiye niliyeifuta alama kwa kisigino. Nipigeni mimi!"

Dina hakumwogopa jumbe, wala kiboko. Aliogopa kumtazama Isaka. Alipomtazama, aliona uso wa kaka yake umevunjika kuliko mkono wake.

"Nilikudhamini, Dina," Isaka alisema taratibu.

Kombo aliachiliwa, na mwezi ule ule akaenda Dodoma. Isaka alipelekwa hospitali ya misheni. Jumbe aliamuru Dina akitengeneze upya kiwanja kilichotibuliwa, na mama yake akahakikisha hasaidiwi na mtu. Dina alibeba udongo wa vichuguu kwa kikapu, akachota maji, akatwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Siku moja alimkuta Fatu kando yake na ndoo. Fatu alimwaga maji pale udongo ulipokuwa mkavu, akarudi kisimani kuteka mengine.

Mtama ulipokwisha kuvunwa, mkono wa Isaka ulikuwa umepona. Kombo alikuja Misigiri kucheza naye tena, safari hii bila matarishi na bila fimbo. Mwalimu Simeoni alikuwa amesimama njiani akizikusanya zote. Wanafunzi waliulizana nani atasimama kwenye mstari wa nyuma.

"Dina," alisema Isaka.

Watu waliguna. Kombo akacheka. "Mimi sina neno. Asimame."

Walicheza mpaka jua likaanza kuinama. Kombo naye sasa alijua kuteleza, na Isaka alijua kupiga kwa nguvu, kila mmoja amemwibia mwenzake ujuzi. Tena ikafika pointi ya kuamua. Tena mpira wa Kombo ukapita juu ya Isaka, ukaanguka mbele ya Dina. Alama ilikuwa ndogo, imegusa ukingo wa chokaa tu. Kama angesema "nje," pengine hakuna ambaye angebisha.

"Ndani!" Dina aliita kwa sauti kubwa, machozi yakimtoka. "Kombo ameshinda!"

Isaka alitupa raketi chini. Kwa kitambo Dina alidhani amekasirika. Kumbe alitaka mikono yake yote miwili, akaja akamkumbatia mdogo wake mbele ya kijiji kizima.

Mwalimu Simeoni aliwageukia wanafunzi. "Mliulizana kisimani nani bora kwenye udongo," alisema. "Kwa ngumi hamkupata jibu, mlipata mifupa iliyovunjika. Kwa uongo hamkupata jibu, mlimpata asiye na hatia amelala juu ya benchi. Leo mmelipata, kwa sababu mtu mmoja amesema alichokiona, ingawa kimemuuma. Mkono uliovunjika huungwa hospitalini. Neno lililovunjika huungwa na mwenyewe, kidogo kidogo, na mmeona ilivyomchukua muda."

Dina alichukua ufagio kukisafisha kiwanja, kama ilivyokuwa kazi yake sasa. Alipofika kwenye alama ile alisimama. Alingoja mpaka kila aliyetaka kuinama na kuitazama ameitazama, Fatu akiwa wa mwisho, ndipo akaifagia.