Jaribio la Folda Iliyofungwa

Kila alasiri Nahla akitoka shule hupanda lifti hadi ofisini kwa baba yake, pale Xiaobei, mtaa wa mji wa Guangzhou, China. Baba yake, Gharib, ni wakala wa mizigo. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja wakishanunua bidhaa zao Guangzhou, yeye huzikusanya stoo, huzipiga picha na kuzipakia kwenye kontena. Nahla hunywa chai yake, hufanya kazi za shule juu ya katoni, kisha hufungua kompyuta. Hapo usimsemeshe.

Mjomba wake Murshid, mtengenezaji wa programu, ndiye aliyemtia wazimu huo. Kwa msaada wake Nahla, mwenye miaka kumi na mitatu, alitunga programu aliyoiita Tafuta. Haikuwa na mapambo yoyote. Unaandika amri kwenye kioo cheusi cha kompyuta, "tafuta" na jina la mteja, nayo inapita folda zote za ofisi na kukuletea picha za mizigo yake. Gharib, aliyezoea kufungua folda moja moja huku akiguna, alifurahi mno.

"Haianzi kazi bila majaribio," Murshid alisema.

Jaribio lenyewe ni programu nyingine ndogo. Inatengeneza folda za uongo, inaweka ndani yake faili zinazojulikana, inaiamuru Tafuta izitafute, kisha inalinganisha majibu. Jibu likiwa sahihi, kioo kinaandika kwa kijani. Likiwa na kosa, kinaandika kwa nyekundu.

"Na usisahau folda iliyofungwa kwa neno la siri," Murshid akaongeza.

Basi Nahla akaandika majaribio. Yote yalikuja kijani isipokuwa hilo la folda iliyofungwa. Tafuta ilipaswa kusema, "Nimeshindwa kufungua." Yenyewe ikasema, "Hakuna," kana kwamba imeingia ikakuta patupu. Akarekebisha, nyekundu. Akarekebisha tena, nyekundu ileile. Kesho yake baba angeanza kuitumia, na darasani alikuwa ameshajigamba kwa kila mwenye masikio.

Unajua alichofanya? Aliweka alama ya reli mwanzoni mwa kila mstari wa jaribio lile. Kompyuta ikiiona alama hiyo huuruka mstari. Akaendesha upya. Kijani kitupu!

"Hata la folda iliyofungwa?" Murshid aliuliza kwenye simu.

"Hata hilo, Mjomba."

Wali wa jioni ile ukamshinda.

Siku zilizofuata mambo yalikwenda vizuri, lakini kila baba alipoandika amri Nahla alibana pumzi. Ikafika siku ya kufunga kontena. Gharib akaandika jina la Bi Zulekha, mama wa Unguja aliyeshonesha sare za shule za kwenda kuuza nyumbani.

"Hakuna," Tafuta ikajibu.

Gharib akampigia simu. "Bi Zulekha, marobota yako hayajafika stoo. Wapakiaji wanamalizia. Nafasi yako itabidi nimpe mtu mwingine, nisamehe sana."

Haukupita muda Bi Zulekha akaingia anahema, mtandio umemteleza mabegani. "Hayajafika vipi, Gharib? Nilisimama mwenyewe kule Kangle, kwenye karakana, nikayaona kwa macho yangu yakipandishwa garini!"

"Kompyuta imetafuta kila mahali. Labda dereva ndiye..."

"Kontena jingine likifika, shule zitakuwa zimeshafunguliwa! Nani atanunua sare wakati mtoto ameshavaa nyingine? Nimekwisha, jamani!" Akakaa juu ya katoni, akajifunika uso.

Nahla akaelewa papo hapo. Wafanyabiashara wa Xiaobei wanapendana, wanakopeshana hata chumvi, lakini hakuna anayemwonyesha mwenzake karakana anakoshonesha nguo. Jina la karakana huonekana kwenye robota. Ndiyo maana Bi Zulekha aliomba picha zake zifungwe kwa neno la siri. Gharib alikuwa amewafungia wateja wengi folda za namna hiyo, na kwa pilikapilika za siku ile hakukumbuka hata moja.

Nahla akisema, ataumbuka. Akinyamaza, dereva ataitwa mwizi na sare zitabaki.

"Baba," akasema. "Folda ya Bi Zulekha si umeifunga wewe? Tafuta haikuingia humo. Nilijua haiwezi. Nilimdanganya Mjomba."

Gharib alimkazia macho, kisha akageukia kompyuta na kuifungua folda. Picha zikamwagika kiooni. Marobota ya Bi Zulekha yalikuwa stoo tangu jana!

Akaidaka simu. "Laoban, subiri! Usifunge!" Bosi wa stoo alifoka kwa Kichina, eti mlango mmoja umeshafungwa. Gharib akambembeleza na kumbembeleza. Nahla alisimama akiuma kidole, Bi Zulekha akisoma dua kimoyomoyo. Hatimaye picha ikaingia kwenye simu: marobota yapo ndani ya kontena.

"Alhamdulillahi," Bi Zulekha akashusha pumzi. Akamgeukia Nahla. "Umenizeesha leo, mtoto wewe. Lakini umesema."

Jioni Murshid alikuja, akaelezwa yote. Hakugomba, na hilo lilimuuma Nahla zaidi. Alimwambia aondoe zile alama, nyekundu ikarudi. Wakakaa pamoja, wakagundua kuwa Tafuta ilipokataliwa kuingia ilinyamaza tu na kuendelea mbele. Wakaifundisha kusema wazi kwamba imeshindwa. Kijani kikaja, safari hii cha halali.

"Na mimi nina kosa langu," Gharib akasema. "Mtu mzima ananiambia ameona kwa macho yake, namjibu kompyuta imetafuta."

Nahla aliinamisha kichwa. "Niliogopa kuonekana sijui, Mjomba."

"Nani kakwambia jaribio lipo la kukusifu?" Murshid akasema taratibu. "Kazi yake ni kukuumbua hapa mezani, mimi na wewe tu, tucheke, turekebishe. Ukilinyamazisha, kosa haliondoki. Linatoka kwenda kumtafuta mtu mwingine, na leo lilimkuta Bi Zulekha."