Moshi Uliokataa Kutoka

Baba alivuta moshi, na moshi haukutoka.

Binti yake, aliyekuwa akifunga pakiti za tumbaku upande wa pili wa meza, alisubiri pua ifuke au mdomo ufuke. Wapi! Baba alimeza mate, akaweka kiko chini, akasema mchanganyiko uko sawa.

Uko sawa, basi. Baba, mwonjaji wa karakana ile ya tumbaku, hakuwahi kusema maneno machache hivyo. Zamani mvuto mmoja wa tumbaku nyeusi ulitosha akueleze mpaka chai ipoe: hii ina utamu wa zabibu kavu, kisha nyuma yake inakuja harufu ya ngozi, ile imekaushwa kwa moshi mkali, ndiyo maana inauma ulimi, hii inawaka polepole, haina papara. Mkewe alizoea kumkata kauli: "Ungenisifu mimi hivyo, mume wangu, ningekuwa nimenenepa."

Sasa mke alikuwa kaburini, na baba hakutoa hata chozi. Watu walimsifu kwa kujikaza. Binti naye hakulia. Alikuwa ameganda tu, anafunga pakiti.

Karakana ile ilikuwa na mwiko wake. Mwonjaji hamalizi kiko. Tumbaku inayobaki chini, yenye unyevu na uchungu, ni ya wenyewe, na wenyewe hawatajwi. Lakini siku ya mazishi baba alitoka makaburini moja kwa moja hadi kazini, akajaza tumbaku nyeusi kuliko zote, akavuta mpaka yakabaki majivu meupe.

"Baba, umemaliza," binti alinong'ona.

"Nilitaka nisikie kitu," alisema. "Hata uchungu."

Tangu hapo nyumba ilinuka tumbaku hata kiko kikiwa kimefungiwa kabatini, na mchana baba akijilaza binti alisikia nyuma ya mlango mlio wa midomo inayovuta, pwa, pwa, pwa, na siku aliyochungulia alimkuta baba amelala chali, mikono kifuani, midomo imefumbwa kabisa, na mlio ule ukiendelea ndani ya kifua chake, taratibu, kama wa mgeni aliyekwishavua viatu na hana mpango wa kuondoka.

Alimwita shangazi yake, dada wa baba. Shangazi akaja na mganga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Walimkalisha baba sebuleni, dirisha wazi, jua likiwaka. Mganga akamwekea kiganja kifuani.

"Wewe uliyemo, toka."

Mdomo wa baba ulifunguka. "Nitoke nimwachie nani?"

"Mwenye mwili."

"Mwenye mwili alimfuata mkewe siku ileile ya mazishi. Nilikuta mlango wazi." Sauti ilikuwa ya baba, tena ya upole. "Nikitoka, mtazika tena."

Shangazi alijiziba mdomo kwa kanga. Mganga alisikiliza kifua kile kwa muda mrefu, kisha akamgeukia binti.

"Lililomo humu halidanganyi. Kulitoa naweza, sasa hivi. Ila baba yako hatarudi. Sema wewe."

"Mwanangu," shangazi alinong'ona, "huyo si kaka yangu. Litolewe, tumzike kwa heshima."

"Najua si yeye, shangazi."

Binti alitafuta hofu ndani yake, hakuiona. Alitafuta huzuni, nayo hakuiona. Aliona tu udongo wa kaburi la mama, ambao haujakauka bado, na nyumba yenye vyumba vitatu na yeye peke yake ndani. Kifua cha baba kilipanda, kikashuka. Macho yake yalimtazama kwa subira.

Alipiga magoti mbele ya kiti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," likajibu.