Kona ya Bulonza Chini ya Majani ya Plastiki

Wiki nzima Bulonza aliamshwa na kelele ileile: ngo! ngo! ngo! Ilikuwa nyundo ya Fundi Mulumeoderhwa, ikivunja mawe ya volkano nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Keshero, mjini Goma, hatua chache kutoka ziwani.

"Fundi huyu hana usingizi?" alinung'unika, akijivutia shuka hadi kichwani.

"Amka, mutoto wewe!" Mama Thérèse alimjibu kutoka jikoni. "Uwanja mliutaka ninyi, si yeye!"

Kweli, waliutaka wao. Uwanja wao wa zamani ulimezwa na lava ya mwaka 2021. Uwanja wa shule nao sasa ulijaa mahema ya watu waliokimbia vita vya Rutshuru. Donatille, mlinda mlango wa timu yao ya wasichana, alikuwa mmoja wa waliokimbia, na alilala chumba kimoja na Bulonza. Basi Papa Aubin, baba yake Bulonza, aliposikia kwamba hoteli moja inatupa majani yake ya plastiki, yale ya kutandika uwanjani, aliyaomba. Yalifika yamekunjwa juu ya chukudu mbili, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, vijana wakizisukuma huku wakitokwa jasho. Jumapili wasichana wa mtaa wa Katindo wangekuja kwa mechi ya kwanza.

Tatizo lilikuwa ardhi. Lava imejaa matundu, na Fundi aliwaeleza mpaka sauti ikamkauka: mawe makubwa chini, kokoto juu yake hadi kila tundu lizibe, mchanga mwisho. Kisha akaugawa uwanja kwa kamba, kila mtu na sehemu yake. Bulonza, mwenye miaka kumi na miwili, alipewa kona iliyo mbele ya goli.

Jamani, kuvunja kokoto! Jumatano viganja vyake vilikuwa na malengelenge, na ndoo haikujaa hata nusu. Fundi alikuwa amekwenda kununua gundi. Bulonza akatazama huku, akatazama kule. Akamwaga mchanga juu ya mawe matupu, akausawazisha kwa ubao, akaushindilia kwa miguu. Kona yake ikapendeza kuliko za wengine wote.

"Umemaliza mapema hivi?" Fundi aliuliza aliporudi. "Kokoto uliweka?"

"Niliweka, papa fundi."

"Aksanti, binti. Unajua kazi."

Sifa hiyo ilimkereketa kidogo, lakini mpira ulikuwa unamngoja.

Alhamisi majani yalitandazwa na kugandishwa kwa gundi. Ijumaa ilinyesha mvua kubwa. Jumamosi asubuhi Donatille aliurukia mpira mbele ya goli, akaangukia kwenye shimo. Majani yalikuwa yamebonyea, na chini yake jiwe lenye ncha lilikuwa likimngoja. Goti likachanika.

Papa Aubin alitoka mbio. Majirani wakasogea kwenye uzio.

"Fundi, ni kazi gani hii?" alifoka. "Mvua moja tu, na uwanja umebomoka!"

"Papa Aubin, tufunue kwanza, tuone."

"Tufunue nini, na kesho kuna mechi? Muzee, umenichosha! Kusanya vyombo vyako uende!"

Papa Védaste, jirani yao, akatikisa kichwa. "Nilitaka anijengee ukuta huyu. Basi, nitatafuta mwingine."

Fundi aliviendea vyombo vyake. Aliinama, akaokota nyundo, akaanza kukunja kamba yake. "Miaka ishirini na saba ninajenga Goma," alisema taratibu. "Volkano mbili, vita sijui vingapi. Hakuna aliyewahi kunifukuza."

Bulonza alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Akisema, atachapwa kwa maneno mbele ya mtaa mzima, na mechi itakufa. Asiposema, mzee huyu atatoka na jina chafu, na ukuta wa Papa Védaste ataukosa. Fundi alipofika penye mlango wa uzio, msichana alishindwa kuvumilia.

"Si yeye! Ni mimi! Sikuweka kokoto, niliweka mchanga tu!"

Papa Aubin alishika kichwa. "Mungu wangu! Wiki nzima tunavunja mawe, na mwanangu anamwaga mchanga kwenye chekeche!"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Mama Thérèse alisema kwa uchungu. "Chukua nyundo."

Fundi akarudi, akakata gundi, akafunua majani. Mchanga wote ulikuwa umezama matunduni. Bulonza alivunja kokoto tangu asubuhi hadi jioni, machozi yakimdondoka juu ya mawe. Donatille aliketi kando yake, goti limefungwa kitambaa, naye akavunja.

"Ungeniambia mikono inakuuma, ningekusaidia," alisema kwa hasira. "Sasa ona!"

Gundi haikukauka kwa wakati. Jumapili wasichana wa Katindo walikunywa chai, wakaondoka wamenuna. Walirudi wiki iliyofuata, baada ya mvua tatu. Kona haikubonyea hata kidogo.

Kabla ya mechi, Papa Aubin aliwaita majirani wote.

"Fundi, nilikufukuza hapa mbele ya watu kabla ya kuangalia. Leo ninakuomba musamaha hapahapa, mbele ya watu walewale."

Papa Védaste akakohoa. "Na ule ukuta, papa fundi... utaanza lini?"

Watu walicheka, Fundi naye akacheka. Mechi ikaanza. Kabla ya mapumziko, mshambuliaji wa Katindo alipiga mkwaju mkali, na Donatille akajirusha kwenye kona ileile. Bulonza alifumba macho. Alipoyafumbua, rafiki yake alikuwa amesimama, mpira kifuani, goti likiwa zima.

Wakati wa mapumziko Fundi alimwita Bulonza, akamshika viganja, akayatazama malengelenge yaliyokauka.

"Kuchoka si kosa, binti yangu," alisema. "Ukichoka, sema, tutapumzika pamoja. Lakini kazi uliyoikwepa haiendi popote. Inabaki palepale inamngoja mtu, na mara nyingi si wewe unayeiangukia."

Bulonza alimtazama Donatille, aliyekuwa akinywa maji karibu na goli. "Nimesikia, papa fundi," alijibu, akarudi uwanjani.